Maini ni ya Baba

Siku ya Mungu moja, kisha kanisa, kule Mususa, Godelive alichinja kuku. Bwana yake Jéthro, fundi wa umeme, alingoja sehemu yake. Mu ile nyumba maini ya kuku ni ya baba. Mutoto mwenye kuigusa alichapwa mpaka aimbe zaburi bila muziki.

— Mama Eliane, Jéthro akaita, sahani ya président iko wapi?

Godelive alipasua kuku. Firigisi iko. Moyo iko. Maini, hakuna.

— Papa Eliane, kuku yako ilikula maini yake yenyewe!

Jéthro akacheka mpaka machozi. Ile machozi ilikuwa ya manjano.

Kisha siku tatu, macho yake ilikuwa kama ndizi ya kuiva. Ku lopitali ya Butembo bakapima damu mara na mara. Malaria, hapana. Hépatite, hapana. Pombe? Shemasi muzima, hata kasiksi ya ndizi hajalamba! Munganga akaita Godelive pembeni.

— Mama, maini ya bwana yako inakufa. Sababu, hatuione. Mumupatie supu ya kuku.

Gracieuse, mudogo ya Godelive, akatoka Mavivi, kule Beni, na kuku yenye alifuga mwenyewe. Bakapasua. Firigisi iko. Moyo iko. Maini, hakuna.

— Yaya, Gracieuse akanong'onea mukubwa wake, nani anakula?

— Nyamaza.

Mangaribi, Jéthro hakujua tena jina ya Eliane, mutoto wake.

Godelive akafungia kisu mu sanduku. Hakuna kuchinja kuku tena. Basi, siku ya saba mugonjwa akaomba maharagi, akatania munganga juu ya kipara yake. Amepona.  Banganga bakamurudisha nyumbani.

Bamama ba kanisa bakaleta jogoo jeupe ya kushukuru Mungu. Godelive alikuwa salon, anapanga viti ya wageni. Jéthro anapiga mizaha, batu banacheka. Mara akasikia mabawa ikipiga chini, jikoni.

Akakimbia.

— Hapana! Hapana kata!

Bamekwisha kupasua. Bamama bamerudi nyuma mpaka ukutani. Mu tumbo ya jogoo, maini. Moja tu. Ya manjano. Ya moto. Kubwa kama ya mutu.

— Nyamuhanga, Mungu wetu!

Godelive akaishika na mukono wa kuume. Akaisukuma ndani ya jogoo. Irudi. Irudi!

Kule salon, kicheko ya Jéthro ikakatika katikati.

Ukipita Mususa, musalimie mujane. Atakupa mukono wa kushoto. Usikasirike. Ule wa kuume ameusugua na sabuni, na majivu, na mchanga wa mutoni.

Ungali wa manjano.