Aliyemimina Mvinyo

Ulikuwa mkesha wa Idi. Duka la dobi la kina Thuwein, jirani na stesheni ya Union pale Deira, Dubai, lilifurika watu hadi nje. Huyu anadai kanzu yake, yule anadai sare, pasi zinafuka mvuke, na kila mtu anapiga kelele za yalla, yalla, fanyeni haraka. Redempta alijipenyeza mpaka kaunta, gauni lake la kitenge limemkaa sawasawa kiunoni, mfuko wa nailoni kifuani.

"Blauzi nyeupe," alisema. "Ina doa."

Kijana wa kaunta aliitandaza. Alikuwa mrefu, mwembamba, kofia ya viua ameiegemeza upande mmoja kama mtu asiye na shida duniani. Doa jekundu lilikuwa limetambaa kutoka kolani hadi pindoni.

"Doa la nini, bibie?"

Redempta alitupa jicho nyuma ya kijana. Mama mmoja mwenye buibui alikuwa ameketi pale, midomo inacheza, anavuta uradi.

"La komamanga," akasema.

"Komamanga hilo lilikuwa na ugomvi nawe," kijana alimjibu akitabasamu. "Pita baada ya sikukuu."

Redempta alikuwa binti wa Bukoba, Mkatoliki wa kuzaliwa, na kazi yake ilikuwa kumimina mvinyo katika mkahawa wa hoteli moja Al Barsha. Akitoka kazini hubadili treni pale Union, kisha huendelea hadi Al Qusais, kwenye nyumba za wafanyakazi. Blauzi aliifuata. Wiki iliyofuata akapeleka sketi.

"Lakini hii safi," Thuwein, yule kijana wa kaunta, alimwambia.

"Ifue tena."

"Bibie, wewe huna nguo chafu. Una neno."

Redempta alicheka mpaka akaziba uso kwa kiganja. Basi, wakapendana. Ijumaa baada ya sala walikaa ukingoni mwa Khor, ule mkono wa bahari unaokata mji, wakila sambusa za moto, na siku nyingine zote simu haikupoa.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mie nashiba sauti yako."

"Utakonda, Thuwein!"

Thuwein alizaliwa Dubai, lakini babu zake walitoka Unguja, na nyumbani kwao Kiunguja hakikutoka mdomoni. Alimpenda Redempta bila kificho. Redempta ndiye aliyekuwa na kificho. Akiulizwa kazi yake, hujibu, "Nahudumia mezani," akabadili mazungumzo. Alijua nyumba ile ina dini yake, na humo pombe haitajwi ila kwa kulaaniwa.

Asichojua mtu yeyote ni kwamba aliipenda kazi ile. Alipoanza, mvinyo kwake ulikuwa divai ya padri na basi. Kisha bosi wake, Pius, akamfundisha kunusa. Redempta akagundua kwamba ndani ya glasi mna udongo wenye mvua, mna tumbaku, mna ngozi ya kiatu kipya, na kwamba pua yake inavipata vyote. Hakuna kitu kingine duniani kilichowahi kumjia kirahisi namna ile.

Mchana mmoja wa Jumamosi, mzee wa Kilebanoni alikuja na mkewe kufungua chupa waliyoihifadhi tangu walipooana. Ilitoka shamba lenye jina kubwa huko Bordeaux, Ufaransa, mvinyo wa kulazwa gizani miaka mingi ndipo uive. Pius alimkabidhi Redempta.

"Kizibo kimezeeka," alimnong'oneza. "Taratibu kama unamvua mtoto kofia."

Kizibo kilitoka kizima. Redempta aliwasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa ili auone mvinyo ukipita, akamimina kwenye jagi la kioo polepole, akakoma mashapo yalipokaribia. Rangi ilikuwa ya tofali la zamani. Kama ilivyo desturi, alionja tone kabla ya wageni, kuhakikisha haujaharibika. Alifumba macho. Mvinyo ulifunguka mdomoni mwake kidogo kidogo, mpaka akatabasamu peke yake.

Alipofumbua macho alimwona Thuwein. Amesimama kwenye mlango wa jikoni, vitambaa vya meza vimepangana mikononi mwake hadi kidevuni. Hoteli ilikuwa imeanza kufulisha kwao wiki ile, na Thuwein alikuja mwenyewe ili amshtue mpenzi wake.

Aliviweka vile vitambaa chini, akaondoka.

Redempta alipiga simu mpaka ikapokelewa.

"Nisamehe. Nilikudanganya kuhusu kazi."

"Hukunidanganya. Mie dobi, Redempta. Toka blauzi ile nilijua, na mama alijua."

"Sasa mbona umeondoka?"

"Nilijua unamimina. Nilisema mtu yuko ughaibuni, riziki haichagui. Sikujua unapenda. Uso ule, wallahi, sijawahi kuuona hata ukiwa na mimi."

Siku kadhaa zilipita bila "umekula". Kisha Thuwein akapiga: mama anakuita Ijumaa. Redempta alivaa dera la zambarau, akajitanda mtandio, akapanda ngazi za kwa kina Thuwein.

Bi Tufaha, yule mama wa buibui aliyemwona dukani, alimpokea kwa kahawa na halua, akamkalisha karibu yake.

"Mwanangu, mie sikuchukii," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Redempta. "Mwanangu kakupenda, nami namwona hali. Lakini kwetu mwenye kuimimina pombe ni sawa na mwenye kuinywa. Nakuuliza mbele yake. Utaweza kuiacha, usiikumbuke tena?"

Redempta alivuta pumzi. Jibu alikuwa nalo. Alilipata njiani, akalikubali, na sasa lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Mama, khalas, basi," Thuwein akakata. "Usimjibu, Redempta. Inuka nikusindikize."

"Thuwein!" mama alimaka.

Kwenye ngazi Redempta aligeuka, macho yanawaka.

"Kwa nini hukuniacha niseme?"

"Ungesema ndiyo."

"Ningesema ndiyo!"

"Kisha? Kila nikirudi nyumbani nikute mtu aliyeuzima uso wake kwa ajili yangu? Siwezi, mpenzi. Na kumwacha mama pia siwezi."

"Ile 'ndiyo' ilikuwa yangu kuisema, Thuwein. Nani alikutuma kunikatalia?"

Redempta alishuka peke yake. Alipita katikati ya makuli wanaoshusha marobota mbele ya maduka ya jumla, akapanda treni ya Al Qusais, akashika nguzo kwa mikono miwili.

Simu ikaita. Ikaita mpaka dada wa Kifilipino aliyesimama karibu akamgusa bega na kumwonyesha mkoba.

"Haloo."

Kwanza alisikia adhana ya Magharibi.

"Umefika?" Thuwein aliuliza.

"Bado."

"Ukifika nijulishe."

"Sitakujulisha, Thuwein."

"Najua," alisema, na hakuna aliyekata simu mpaka treni ilipoingia stesheni.