Namba Isiyo Yenu

Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, dada wa mapokezi alimpigia mzee mmoja mgonjwa kumwambia kuwa mtungi wake wa oksijeni uko njiani, na simu haikuita. Ililia mara tatu, tii, tii, tii, kisha sauti ya mtandao ikasema, "Simu yako imekataliwa." Akapiga tena. Imekataliwa. Akampigia dereva. Imekataliwa. Akausogeza mkono wa simu puani, maana ulikuwa unanuka dawa ya kuchua kifua, harufu nzito ya mgonjwa aliyelala siku nyingi kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Yeye hakuwa amepaka dawa yoyote.

Ofisi ile ilikuwa ikipeleka mitungi ya oksijeni majumbani. Kila asubuhi dada aliwapigia wagonjwa arobaini na kuuliza geji zao zinasoma ngapi, ili anayekaribia kuishiwa apelekewe mapema. Sasa simu za kuingia zilikuwa nzima kabisa. Za kutoka zote zilirudi. Hata simu yake ya mkononi, akiipiga humo ndani, ilikataliwa. Akivuka barabara, inaenda. Basi kwa siku mbili alisimama juani ng'ambo ya pili, daftari mkononi, akipiga kwa salio lake mwenyewe, huku meneja akimwangalia kutoka dirishani.

"Umechezea mtambo wa simu wewe!" meneja alimfokea aliporudi.

"Bosi, mimi najua kupokea na kupiga tu."

"Basi piga! Au nitafute anayejua?"

Dada alichukua daftari lake, akavuka tena barabara. Miaka sita alikuwa akimtii mtu huyu.

Jumatano akaitwa fundi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mkoba mzito na ulimi usio na breki; wateja wake walimwita Bi Waya. Alifungua laptopu yake juu ya meza ya mapokezi, akapiga simu moja ya majaribio, ikakataliwa, akaguna.

"Mdogo wangu, simu inayotoka ni kama mtu anayebisha hodi," alimweleza dada. "Lazima aseme yeye ni nani. Mtambo wenu ukipiga, hutanguliza namba yenu. Mtandao unaikagua. Ikiwa ni yenu, unaipitisha. Ikiwa si yenu, unaitupa nje, maana matapeli wamezidi. Sasa tuone nyie mnajitambulisha kama nani."

Akafungua kumbukumbu za mtambo. Simu zote za siku tatu, zaidi ya mia, zilikuwa zimetoka na namba moja, na haikuwa ya ofisi. Iliishia na sifuri tisa mbili.

"Hii ya nani?"

"Sijui," dada alisema, haraka mno.

Bi Waya aliifuta, akaandika namba ya ofisi, akahifadhi. Akapiga. Imekataliwa, na kwenye kumbukumbu, sifuri tisa mbili. Akaibadilisha kwenye njia ya kutokea, akaibadilisha kwenye kila simu ya mezani, ya stoo, ya mhasibu, ya meneja. Sifuri tisa mbili. Akauzima mtambo, akahesabu hadi sitini, akauwasha. Sifuri tisa mbili. Akatukana kwa sauti ya chini, tusi refu lenye baba na mama ndani yake, akatoka nje kumwandikia ujumbe mhandisi wa kampuni ya mtandao ili apige yeye.

Mhandisi alipiga simu ya mapokezi baada ya dakika tano. Bi Waya akaweka sauti ya wazi.

"Fundi, mnatuma namba isiyo yenu, ndiyo maana tunaikataa," mhandisi alisema. "Na si namba ya mtu mwingine tu. Hiyo tulishaifunga. Mwenyewe amefariki, familia ilituletea cheti. Nyie mnaitoa wapi?"

"Ningekuwa najua ningekusumbua?"

"Haya. Halafu..." Akasikiliza. "Huyo anayehema hapo karibu yako ni nani? Mbona hamumsaidii? Mpeni hata maji."

Bi Waya akamwangalia dada. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hakuna aliyekuwa akihema. Bi Waya akakata simu, na ndipo na wao wakaisikia: pumzi nyembamba, yenye filimbi ndani yake, ikivutwa kwa shida na kutolewa kwa shida, kutoka kwenye tundu za spika.

Bi Waya hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuwa mtu wa kukasirika. Aling'oa mtambo wote ukutani, waya baada ya waya, akatoa mkobani mtambo mpya ambao ulikuwa bado kwenye boksi lake, umefungwa kwa nailoni, haujawahi kugusa umeme tangu utoke kiwandani, akaikata nailoni kwa meno, akauchomeka, na kabla hajaandika herufi moja, kabla hajaupa hata jina, ile harufu ya dawa ya kifua ikapanda kutoka kwenye matundu yake kama mvuke wa sufuria, jua la saa sita likiwa linawaka dirishani na watu wakipita nje wakicheka, na kwenye kioo cha laptopu, mahali pa namba ya mpigaji, tarakimu zikaanza kujitokeza moja moja, polepole, kama zinaandikwa na mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi, hadi sifuri, hadi tisa, hadi mbili.

Akaifunga laptopu. Akageuka.

"Mdogo wangu, mimi nina watoto watatu nyumbani. Nataka kurudi kwao nikiwa na akili zangu. Hii namba ni ya nani?"

Dada akaanza kulia.

Namba ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mama aliyeishi peke yake, mapafu yake yamechoka. Mtungi aliopelekewa mwezi wa pili ulikuwa na geji mbovu: ilisoma umejaa wakati umebaki robo. Alipiga kulalamika. Meneja akamjibu kwamba geji haidanganyi, labda ni macho yake yanayodanganya. Mwalimu akamwambia, kwa sauti ile ya ubaoni, kwamba hana adabu. Meneja akatupa mkono wa simu mezani.

"Akaniambia, 'Huyo mwanamke mfungie. Asitupigie tena mpaka ajifunze kuongea na watu.' Nikamwambia, bosi, huyu ni mgonjwa. Akasema nichague, namba yake au kazi yangu." Dada alijifuta pua kwa mkono. "Nikamfungia, dada. Kwa kidole changu hiki."

Bi Waya akavuta kiti. Alifungua tena laptopu, akapakia kwenye mtambo mpya nakala aliyokuwa amechukua ya kumbukumbu na orodha za ule wa zamani, akaitafuta ile namba humo. Kabla ya Jumatatu ilikuwa sehemu moja tu, kwenye orodha ya waliofungiwa. Chini yake mtambo ulikuwa umeorodhesha kila jaribio. Haukumpitisha, lakini uliandika. Simu thelathini na moja, ndani ya siku tatu. Ya mwisho alfajiri ya siku ya tatu.

"Thelathini na moja," Bi Waya alisema, na mishipa ya shingo yake ilikuwa imesimama. "Mtu anazama mnamfungia mlango kwa sababu kawaambia hamna adabu."

"Nina mama mkubwa wangu," dada alinong'ona. "Huwa anaongea na hivi vitu. Nimpigie?"

"Vuka barabara umpigie. Mimi nabaki hapa. Nikiondoka sasa hivi nitamfuata huyo bosi wako ofisini nimvunje pua."

Mama mkubwa alifika saa nane, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani ya kusomea, na hakuja na tunguri wala kitambaa chekundu. Dada akamwamkia, akamuuliza kama wachome ubani.

"La kuvunda halina ubani, mwanangu," alisema. Aliuinua mkono wa simu, akausikiliza muda mrefu, akitikisa kichwa kama mtu anayepewa taarifa ya msiba. Kisha akaushusha taratibu.

"Mwalimu mwenyewe amekwenda zake, hayupo hapa. Lakini aliacha hasira, nayo haikupata pa kwenda. Ilikuwa inazunguka humu kwenye nyaya, ikawa kama nyumba tupu, na nyumba tupu haikosi mpangaji. Jini limeingia humo. Linasema kwa hasira yake na linahema kwa pumzi yake. Nikilifukuza kwa nguvu litatoka na mtu."

"Linataka nini?" Bi Waya aliuliza.

"Kupokelewa. Mfungulie."

Hapo mlango wa ndani ukafunguliwa kwa kishindo. Meneja alitoka akiwa na tai begani na simu ya mkononi kwenye ngumi.

"Hii ni ofisi au kilinge? Nani kamruhusu huyu bibi kuingia? Wewe fundi, nilikuita utengeneze simu, si uniletee waganga!"

"Simu yako ni nzima," Bi Waya alisema. "Mbovu ni wewe."

"Unasemaje?"

"Nasema ulimfungia mgonjwa hadi akafa, na mtambo umeandika kila kitu. Nimeshajitumia nakala."

Meneja alibadilika rangi, lakini hasira ilimrudia upesi, maana ilikuwa ndiyo nguo yake ya kila siku. "Ule ulikuwa utaratibu! Mteja msumbufu anafungiwa, kila ofisi inafanya hivyo. Na aliyefunga ni huyu hapa, si mimi!" Akamnyooshea dada kidole.

Bi Waya akaiondoa namba kwenye orodha ya waliofungiwa.

Simu ya mapokezi ikaita palepale. Ikaita na ya stoo, ya mhasibu, ya meneja, zote kwa pamoja, na hata ule mtambo wa zamani uliolala sakafuni bila umeme ukawasha taa zake. Dada ndiye aliyenyoosha mkono. Mama mkubwa akamtazama, akamwachia.

"Mwalimu," dada alisema. "Ni mimi wa mapokezi. Nilijua geji ni mbovu. Nilijua, na nikakufungia, kwa sababu niliogopa kufukuzwa. Sikuombi unisamehe. Nakuambia tu kwamba nilijua, na nitamwambia na mwanao." Akasikiliza. Filimbi ya pumzi ilijaa chumba kizima, ikapanda, ikapanda, kisha ikalegea kidogo, kama mtu aliyesogezewa kiti. Dada alishusha mkono wa simu kutoka sikioni, machozi yakimtiririka, akaunyoosha kwa meneja.

"Anakutaka wewe."

"Upuuzi!" Meneja akatia simu yake mfukoni, akaupokonya. "Sikiliza wewe, sijui ni nani anayecheza na mimi, lakini..."

Akakatizwa.

Walimwona akifungua mdomo kujibu na asipate nafasi, kwa sababu huyo aliyekuwa akisema upande wa pili hakuwa akipumzika, na kadiri alivyosema ndivyo uso wa meneja ulivyozidi kuvimba, si kwa woga bado, kwa ghadhabu, ghadhabu ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa maneno, akapiga meza kwa ngumi, akajaribu kuurudisha mkono wa simu mahali pake na vidole vikakataa kufunguka, akauvuta kwa mkono wa pili na waya ukakatika, ukaning'inia chini bila kuunganishwa na kitu chochote, na bado alikuwa akisikiliza, na bado ile filimbi ilikuwa ikitoka, hadi jasho likaloanisha shati lake mgongoni na yeye mwenyewe akaanza kuvuta pumzi kwa mafungu, kwa kelele, kama anayepanda ngazi na gunia.

"Mwambie ulikosea!" mama mkubwa alimpigia kelele. "Neno moja tu, baba! Sema nilikosea, nami nitalitoa!"

Meneja akamgeukia kwa macho mekundu. "Sikukosea," alisema. "Ulikuwa utaratibu."

Vidole vikafunguka. Mkono wa simu ukaanguka. Harufu ikakatika kama imefungiwa dirisha, na taa za mtambo uliokuwa sakafuni zikazimika. Meneja aliokota funguo za gari lake, akatoka bila kumtazama mtu, na simu yake ya mkononi ilianza kuita mfukoni kabla hajafika ngazini.

"Limekwenda?" dada aliuliza kwa sauti ndogo.

"Limehama," mama mkubwa alisema, akavua miwani na kuifuta.

Bi Waya akampigia yule mzee mgonjwa. Simu ikaita. Namba ya ofisi ikapita salama, na mzee akapokea, akalalamika kwamba tangu asubuhi hajaulizwa hali. Geji yake ilisoma chini ya robo. Dereva akaondoka na mtungi saa hiyohiyo. Jioni Bi Waya na dada walikwenda na nakala za kumbukumbu kwa mtoto wa Mwalimu, na dada akasema yote aliyoahidi kuyasema, amesimama wima, bila kujitetea. Yule kijana hakumkaribisha kiti. Alizichukua karatasi, akafunga mlango, na kesho yake akazipeleka polisi.

Jumatatu iliyofuata, mchana, mke wa meneja aliingia ofisini. Kanga yake ilikuwa imevaliwa upande, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Polisi walikuja nyumbani wakashindwa kumhoji," alimwambia dada. "Tangu Jumatano amekaa sebuleni, simu sikioni. Hali chakula. Nikimsemesha ananizuia kwa mkono, anasema, 'Nitapitwa na neno.' Nikatoa laini. Nikatoa na betri, dada yangu, hii hapa." Akaiweka mezani. "Bado anasikiliza. Na anahema vibaya. Nimeambiwa hapa kuna mama anayejua haya mambo. Nakuomba."

Dada alitafuta huruma moyoni mwake kwa ajili ya yule mtu, akakuta hasira imekaa kote, haijaacha pa kupita. Lakini mke hakuwa na kosa. Akapiga. Simu ikaita mara mbili, mama mkubwa akapokea, akaelezwa yote.

"Mpe pole mwenzako," alisema. "Mwambie ampe mumewe maji, amfungulie na madirisha. Akimaliza kusikiliza, nitakuja."