Daktari Aliuliza Kama Amegongwa

"Bandama la mwanao limepasuka, mama. Amepigwa na kitu kizito," daktari aliniambia, akinionyesha picha ya siti skani.

Jamani, nilidhani amechanganya picha za watoto!

Nikamgeukia mdogo wangu Pantaleo. Alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtiririka.

Alikuwa anajua...

Ngojeni niwaeleze. Naitwa Selina, nauza madera Kariakoo. Pantaleo anasukuma mkokoteni, na amekaa kwangu tangu atoke Masasi. Mwanangu Victoria wa darasa la pili alimpenda mjomba wake huyo kupita kiasi. Nilikuwa nimewakataza kitu kimoja tu: mtoto asisogelee mkokoteni.

Jana yake mchana Pantaleo alimfuata shule kama kawaida, akamleta sokoni kwangu amembeba, mtoto kajishika tumbo. Akasema kala embe mbichi. Nikaacha biashara, tukakimbia zahanati.

Daktari wa pale akampima kwa utrasaundi. Akasema haoni damu, ila gesi imejaa, na kipimo hicho mwanzoni kinaweza kisione jeraha.

"Hajaanguka? Hajagongwa tumboni? Kama kagongwa, namwandikia rufaa sasa hivi akapigwe siti skani. Nyumbani harudi."

Mimi sikuwepo, nikamtazama Pantaleo.

"Hapana, dokta. Ni embe tu."

Tukapewa dawa ya gesi, tukarudi nyumbani. Asubuhi mwanangu alikuwa amepauka midomo, jasho la baridi linamtoka. Ndipo tukafika hospitali kubwa.

Pale koridoni nilimkunja Pantaleo shati. Akasema yote. Victoria alikuwa amesimama mbele ya mkokoteni, kashika mpini akijifanya anaendesha. Magunia yakateleza kwenda nyuma, mpini ukaruka juu ukampiga tumboni.

"Kwa nini hukusema, Pantaleo? Daktari alikuuliza!"

Aliyenijibu ni Victoria, akiwa kwenye kitanda cha magurudumu anapelekwa upasuaji. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mama, usimfukuze mjomba. Mimi ndiye niliyemwambia aape hatasema. Nilijua utamkataza asinifuate tena shule."

Nikambusu. Nikamwambia simfukuzi, apone tu.

Hakutoka hai mle ndani...

Wazazi wenzangu, hizo mashine hazikuwepo pale mtoto alipogongwa. Daktari anachagua kipimo kwa kusikiliza maneno yenu. Semeni ukweli wote, hata kama una aibu, hata kama mtoto amewaapisha. Na mtoto akigongwa tumboni, msingoje tumbo livimbe.

Ndugu wananiuliza kwa nini Pantaleo bado yuko kwangu. Mkokoteni ameshauacha. Jioni napakua, tunakula sahani moja. Kuna siku siwezi hata kumtazama usoni.

Lakini nilimwahidi mwanangu simfukuzi.