Spika za Kwaya ya Bulyaga

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Venance Mwakalobo aliwaacha wenzake mbele ya kanisa kuu la Mzuzu, akakata kona.

Atupele alihesabu hadi ishirini. Kisha akamfuata.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1997. Kwaya nzima ya Bulyaga, Tukuyu, ilikuwa imevuka mpaka kuja Malawi kuimba. Jana waliimba. Leo, kwa kuwa ni sikukuu, walikuwa wakitembezwa mjini kuangalia kanisa, makumbusho na soko. Venance, mwenyekiti wa kwaya na mwenye duka la dawa, ndiye aliyekodi Coaster.

"Gwe Mama Lusungu, unakwenda wapi?" aliuliza Tusekile, mwanamke mnene aliyeongoza sauti ya kwanza.

"Kupiga picha, dada."

"Picha za nini? Migomba, baridi, manyunyu. Tumetoka Tukuyu kuja kuona Tukuyu."

Watu wakacheka. Atupele naye akatabasamu. Uso wake ulikuwa umezoea kufanya hivyo peke yake.

Mwanawe Lusungu alikufa Januari, akiwa na miaka sita. Malaria. Alichomwa sindano za kwinini siku tatu na homa haikushuka. Kichupa kimoja kilipopelekwa maabara Dar es Salaam, ndani kilikutwa na maji ya chumvi. Jeneza lilitolewa na Venance, na siku ya mazishi alilia kuliko mama mtu.

Atupele hakulia. Hakulia siku ile wala baadaye.

Wanakwaya walimjua kama karani wa kiwanda cha chai. Idara ya usalama ilimjua kwa jina moja tu: Kisiba. Mkuu wake, ambaye redioni aliitwa Rungwe, alimwuliza swali moja kabla ya kumpa kazi.

"Utaiweza hii, kwa uchungu ulio nao?"

"Sina uchungu, mzee. Sina kitu chochote."

Alikuwa anasema kweli.

Sasa alijibanza nyuma ya magunia ya kahawa, kwenye ghala moja karibu na soko. Kamera yake ya Olympus ilikuwa tayari mkononi. Ndani ya ua ilisimama pikapu aina ya Peugeot 504. Pembeni yake Venance alisimama na Duarte, mtu aliyesakwa na polisi wa nchi tatu kwa dawa bandia.

Chini zililala spika mbili za Yamaha, mali ya kwaya. Venance alikuwa amesema anazipeleka kwa fundi.

Zilifunguliwa kwa nyuma. Sumaku na nyaya zikatolewa. Vichupa vya sindano vikaingizwa, safu kwa safu, katikati ya pamba.

Akapiga picha nne.

Mkono ukamkamata bega.

Atupele hakugeuka. Aliushika ule mkono, akainama, na mlinzi akaruka juu ya mgongo wake na kutua kifudifudi kwenye saruji. Kisu kikateleza mbali. Pigo moja shingoni likamlaza. Akamfunga mikono kwa mkanda wa kamera, akamziba mdomo kwa kilemba chake na kumfungia stoo.

Alijishika kifua. Moyo ulikuwa unakwenda taratibu tu.

Dakika kumi baadaye alikuwa mapokezi ya hoteli, simu sikioni.

"Rungwe, hapa Kisiba. Mzigo umo ndani ya spika. Mlinzi yuko stoo."

"Wenzetu wa Malawi wanaingia hapo mkishaondoka. Wewe acha spika zivuke. Mwenzako Anyitike atakuwa mpakani na Land Rover."

Coaster iliondoka saa sita. Jioni, saa kumi na moja na nusu, walifika Kasumulu, upande wa Tanzania. Land Rover haikuwepo.

Atupele akaingia chooni, akafungua kopo la Blue Band na kutoa redio ndogo ya Motorola.

"Anyitike, uko wapi?"

"Daraja la Kiwira. Lori limeziba njia. Wacheleweshe nusu saa."

Alipotoka, ofisa forodha alikuwa tayari anawapungia mkono wapite. Alimfahamu Venance. Kila mtu alimfahamu Venance.

"Afande," Atupele akasema, "umefanya kazi Pasaka nzima. Tukuimbie wimbo mmoja?"

Tusekile akapiga makofi. Watu wakaanza kushuka.

"Tumechoka, ndugu zangu," Venance akasema. "Twendeni."

"Mmoja tu, mwenyekiti," ofisa akasema. "Leteni na spika, umeme upo."

"Sauti zenu zinatosha," Venance akawaambia wanakwaya.

"Na fundi je?" Atupele akamwuliza. "Hutaki tusikie alivyotengeneza?"

Spika zikaunganishwa. Kinanda kikabonyezwa. Kimya. Kikabonyezwa tena.

"Huyu fundi kakuibia," ofisa akasema, akatoa bisibisi mfukoni.

Skrubu ya nne ilipoanguka, pamba ilichomoza. Kisha kichupa. Kisha vingine vingi. Tusekile akaokota kimoja na kusoma herufi. Alikuwa na wajukuu wanne.

"Kwinini," akasema polepole.

Mkono wa Venance ukaingia ndani ya koti. Wa Atupele ulikuwa umeshafika. Akauminya ule wa mwenyekiti mpaka bastola ya Browning ikaanguka matopeni.

"Mama Lusungu," Venance akanong'ona. "Mwanzoni sikujua kama ni maji."

"Na Januari?"

Venance akaitazama bastola matopeni.

"Januari ulijua, mwenyekiti?"

"Nilijua."

Atupele alisubiri kitu kipande kutoka tumboni, hasira au machozi. Hakikuja. Akamgeuza, akamfunga pingu alizopewa na ofisa.

Anyitike alifika na askari wawili. Alisema amesikia kwa redio kwamba Duarte amekamatwa, na vijiji vya Kyela vingeingia masika bila zile dawa bandia.

Coaster ikapanda milima kuelekea Tukuyu, hakuna aliyeimba. Tusekile alikaa karibu na Atupele njia nzima.

"Wewe ni nani hasa?" akamwuliza walipofika Bulyaga.

"Sauti ya pili, dada."

Akateremka. Akaweka mkoba begani, akapandisha kilima bila haraka, mvua ikimnyeshea.