Mawe Yenye Kiu

"Moshi wako umeingia tena kwenye mikate yangu!" Kauthar alifoka mlangoni kwa jirani yake, Zamda. "Wateja wananiuliza kama nauza mikate au samaki wa kubanikwa!"

"Sasa mimi nile nini, dada?" Zamda hakuwa hata na nguvu ya kugombana. Macho yalimvimba kwa moshi. "Tangu baba Zakia apunguzwe kazini, mboga hii ya mnafu ndiyo inayotulisha."

Ilikuwa baridi ya Julai pale Sekei, chini ya Mlima Meru, jua hulioni. Zamda alikausha mboga kwenye kibanda cha mabati. Aliziba kila tundu ili joto lisitoke, akachochea kuni kutwa. Hata hivyo mnafu ulilegea na kuota ukungu. Mwenye duka mjini alishamwambia: ukija hivi tena, basi.

Diana, mwalimu wa kilimo kutoka Tengeru, alikuwa amekuja kwa Kauthar kununua mkate. Kelele zikamvuta. Akafungua kibanda, mvuke ukamziba miwani.

"Mama, hapa umepika, hujakausha," alisema. "Maji yametoka kwenye mboga, lakini yamebaki humu humu."

"Nikifungua, joto si litakwenda?"

"Litakwenda. Ndiyo maana tunatafuta kitu cha kuyanywa hayo maji."

Juma lililofuata Diana alileta mawe mepesi ya Mlima Meru, yenye matundu kama sponji. Yalikuwa yameloweshwa kwenye chumvi ya kiwandani, isiyo ya kula, kisha yakakaushwa. Akayatia machache kwenye kopo na kuyanyunyizia maji.

"Shika kopo."

"Ala! Limepata moto! Na kuni hakuna!"

"Chumvi hii ina kiu. Inavuta mvuke hewani, na ikiunywa inatoa joto. Mboga inakaushwa na vyote viwili, hewa kavu na joto."

"Na mawe yakishiba?"

"Unayakausha tena kwa joto kali. Hapo ndipo penye kazi."

Zamda na Diana wakamgeukia Kauthar, aliyekuwa amekuja kuchungulia.

"Msinitazame hivyo," Kauthar alisema. Kisha akashusha pumzi. "Haya. Mikate ikitoka, tanuri linabaki na moto mpaka jioni. Moto wa bure tu."

Basi kibandani mawe yakawekwa chini kwenye sinia za bati, mboga juu kwenye chekeche, visigusane. Feni ndogo ilizungusha hewa. Sinia zilibebwa kwa glavu, maana chumvi ile huunguza ngozi. Kuzivusha uani hadi tanurini kwa Kauthar na kuzirudisha kulimuumiza Zamda mgongo, lakini moshi ulikwisha. Mnafu ukavunjika mkononi kama karatasi. Mwenye duka aliunusa, akaagiza mwingine.

Jioni ile Kauthar alileta sinia kutoka tanurini. Zamda alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha.

"Umechoka, jirani."

"Nimekwisha. Zitue hapo. Vua kandambili upite ndani, ugali umeiva."

"Na mboga?"

"Mnafu. Mbichi! Leo mwingine siukaushi."

Kauthar akacheka, akainama kuvua kandambili.