Subiri, Namwita

Siku ile nilifunga kibanda changu cha kutengeneza simu saa kumi na moja jioni, hasira zikiwa zimenijaa tangu asubuhi. Nilikuwa naenda kumchukua mama aje kuishi kwangu. Kwa mara ya nne! Mara tatu za kwanza nilikodi pikapu, nikafika, akanigomea mlangoni mizigo ikiwa imeshafungwa. Dada yangu, ambaye yuko mbali na kazi yake ni kutoa amri tu, alikuwa amenipigia: "Safari hii usirudi bila mama." Kana kwamba mama ni kikapu.

Daktari alishatuambia kuwa kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Mara mbili alisahau jiko likiwaka. Siku nyingine aliniita kwa jina la mjomba, na mjomba tulishamzika. Mtu wa namna hiyo haachwi peke yake. Lakini yeye jibu lake lilikuwa moja, na lilinichosha kuliko kazi.

"Nikiondoka, nani atapokea simu?"

Simu yenyewe! Nyeusi, nzito, ya kuzungusha namba kwa kidole, imekaa sebuleni juu ya stuli yake, imefunikwa kitambaa alichofuma kwa mkono. Kwenye tundu la namba tatu aliweka kufuli dogo ili tusipige ovyo. Laini ilikatwa miaka kumi na moja iliyopita. Hata nguzo zilishang'olewa. Mimi ni fundi simu, naye ananifundisha habari za simu.

Nikiri kwamba niliwahi kuipenda. Ilikuwa simu pekee mtaani, na kila mtu alipigiwa kwetu. Nilipenda mlio wake, na joto lililobaki kwenye mkonga baada ya mtu kuongea. Kazi yangu ilikuwa kukimbia kuwaita wenye simu zao, ndiyo maana mtaa mzima uliniita Kijumbe. Mama alikuwa na sheria moja. Kabla ya kumwita mtu, uliza: "Nani mwenzangu?" Asiyejitaja, haitiwi mtu.

Niliivunja mara moja tu.

Nilikuwa na miaka tisa, gololi zangu ziko nje, wenzangu wananihimiza. Jua lilikuwa linazama. Simu ikalia. Sauti ikasema, "Mwite seremala." Sikuuliza kitu. Nikajibu, "Subiri, namwita," nikaulaza mkonga juu ya stuli, nikavuka barabara mbio.

"Fundi, simu yako!"

"Nani huyo?"

"Sijui."

Alinicheka, akaja na penseli yake sikioni na maranda kwenye nywele. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, nakuja." Akamshukuru mama, akatoka. Kutoka mlangoni kwetu hadi karakana yake ni hatua ishirini.

Hakufika.

Randa yake ilikutwa katikati ya ubao. Walimtafuta hadi wakachoka. Mama aliniuliza mara moja, "Uliuliza ni nani?" Nikasema niliuliza. Akanitazama, asirudie tena.

Basi, siku hiyo ya pikapu, dereva alibaki nje, mimi nikaingia. Mama alikuwa ameketi kando ya stuli, miguu ameibana kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

"Shikamoo mama. Gari iko nje, twende."

"Marahaba. Ngoja ipige kwanza. Nikishajibu tutaondoka."

"Mama, haipigi! Haina waya!"

"Usinifokee. Mimi si kiziwi."

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikaondoa kitambaa, nikainyanyua simu, nikamwonyesha tumbo lake. Waya ulikuwa umekatwa, umebaki kipande cha urefu wa kidole. "Unaona? Imekufa hii. Imekufa!"

"Irudishe," alinong'ona. "Saa yake imefika."

Kriiing...

Nilikuwa nimeishika. Mlio ule niliusikia kwenye mifupa ya vidole. Nikautazama waya. Ulikuwa unaning'inia hewani.

Kriiing...

Mazoea mabaya! Mkono wangu uliinua mkonga wenyewe. Kwanza ilikuja harufu... maranda mabichi na vanishi. Kisha sauti ya randa ikipita kwenye mbao. Shwaa... shwaa... Ikasimama.

"Nani mwenzangu?" nikauliza. Nimechelewa miaka thelathini na mbili.

"Naomba kuongea na Kijumbe."

Sauti niliijua. Ilikuwa ile ile iliyonicheka.

Mama alininyang'anya mkonga. Mikono yake, inayomwaga chai kila asubuhi, haikutetemeka hata kidogo. "Hayupo," alisema. "Amesafiri. Sijui atarudi lini." Akaurudisha mahali pake, akaifunika simu na kitambaa.

Nikakaa chini.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu wiki ile. Kila jioni, na nilihakikisha uko nje. Anasema huko alikokwenda hakuna anayekiri kwamba alimwita. Walioko huko wanataka wamuulize aliyempelekea habari." Akaniangalia. "Nilijua hukuuliza. Sasa ningekutoa vipi, mtoto wangu?"

Nilisema naivunja simu palepale. Akatikisa kichwa. "Ukiivunja italia kwingine. Huko nani atasema hayupo?"

Tuliondoka naye jioni ile, na simu nikaipakata mwenyewe.

Sasa iko sebuleni kwangu, na kila jua likizama nakaa pembeni nimebana pumzi wakati mama anapokea. Mke wangu hutoka nje, hataki hata kuizungumzia. Mimi siwezi kupokea tena, naogopa ataitambua sauti yangu. Nikajifanya mjanja, nikairekodi sauti ya mama akisema hayupo. Niliposikiliza, hapakuwa na mama. Ilikuwa shwaa... shwaa... mwanzo hadi mwisho. Nilijaribu simu tano, zote hivyo hivyo. Fundi mzima, nikazibamiza ukutani kwa hasira.

Na mama anazidi kusahau. Sikuogopa simu kama nilivyoogopa hilo. Kila asubuhi nilimuuliza, "Mama, mimi nani?" Alikuwa anakasirika na kunitaja. Kisha akawa anafikiri kwanza. Kisha akawa ananiita mjomba.

Jioni ya leo nilimpa chai. Akaipokea kwa adabu, akanitazama kama mgeni.

"Ahsante baba. Samahani... nani mwenzangu?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Kriiing...

Aliinua mkonga kama siku zote. Akasikiliza. Mimi nilikuwa mbele yake natikisa kichwa, natikisa mikono, nachezesha midomo: hayupo, mama, sema hayupo. Uso wake ukachangamka. Sijamwona hivyo mwaka mzima.

"Kijumbe? Mwanangu yule? Yupo, yupo, anacheza nje. Subiri, namwita."

Akaulaza mkonga juu ya stuli.

Sijaugusa. Nikiurudisha, sijui nitakuwa nimekata simu au nimeipokea. Harufu ya maranda imejaa chumba kizima. Randa imesimama. Yuko pale, anasikiliza.

Mama amefungua mlango. Yuko kizingitini, ameweka mikono kinywani, anaita kuelekea barabarani. "Kijumbe! We Kijumbe! Njoo, mwanangu, unaitwa!" Miezi yote hii nimeomba anikumbuke hata siku moja, na leo ananiita kwa jina langu, kwa sauti ya zamani. Nimesimama hatua mbili nyuma yake, nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Amegeuka. Ananitazama, macho yamejaa machozi.

"Baba," ananiuliza, "mwanangu umemwona? Namwita, mbona haitiki?"