Fundi Aliyeogopa Sindano

Kila nikitoka shule nilipitia kibandani kwa shangazi yangu, fundi cherehani, nikamsaidia kushona vifungo huku tukipiga soga. Shangazi ni mcheshi ajabu, lakini nguo za watoto wachanga alizishona kimya. Mimba tatu zilikuwa zimemharibikia. Sasa alikuwa na ya nne, na daktari alikuwa amegundua tatizo.

"Mwilini tuna askari wanaopambana na virusi," alinieleza. "Wangu wamechanganyikiwa, wananishambulia mimi mwenyewe. Damu inaganda, mtoto anakosa chakula. Ndiyo maana najidunga dawa tumboni kila siku, ingawa sindano naziogopa."

"Wewe unayeshinda na sindano mkononi, unaogopa?"

"Nguo hailii, mwanangu!"

Siku moja nilitafuta kifungo chekundu kwenye kopo la vifungo. Lahaula! Chini ya vifungo zilijaa sindano za dawa, hazijaguswa.

"Shangazi, umeacha kujidunga?"

Akainamisha kichwa. Mteja mmoja alikuwa amemwambia kuwa dawa hizo ndizo zinazoharibu mimba. "Naogopa kumpoteza na huyu. Usimwambie mtu, tafadhali."

Nikisema, atanichukia. Nikinyamaza, je, mtoto? Nikachomoka hadi zahanati, nikamvuta nesi karibu nimng'oe mkono.

Shangazi alipotuona alifura. "Mmbea wewe!"

"Utamgombeza baadaye," nesi akasema. Akampigia daktari simu, kisha akamweleza shangazi polepole kwamba dawa ile inazuia damu kuganda, haimdhuru mtoto. Akaweka kifaa chake tumboni, akasikiliza, akatabasamu. "Huyu anapiga ngoma humu ndani!"

Shangazi alilia na kucheka kwa pamoja. Tangu siku hiyo, kila alipojidunga nilimwimbia vibaya makusudi, naye akacheka hadi akasahau maumivu.

Akajifungua binti mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Jamani, tulivyofurahi! Siku ya chanjo, mtoto alilia kidogo tu. Aliyebubujikwa machozi ni shangazi.

"Nyamaza, mama," nesi akamtania. "Tunawafundisha askari wake kuvitambua virusi." Kisha akanigeukia. "Umefanya vyema, binti. Siri inayohatarisha maisha haifichwi, huambiwa mtu mzima anayeweza kusaidia. Na mambo ya dawa tumuulize daktari, si mteja wa nguo."

"Mmbea wangu huyo," shangazi akasema, akanipakatisha mtoto.

Mtoto alikuwa amevaa gauni jeupe lenye kifungo kimoja chekundu. Nilikishona mwenyewe.